Karatasi Niliyoikunja Tena

Sista Gaudensia tulimzika mwaka jana, siku ya Alhamisi, kwenye makaburi ya masista chini ya mlima. Nilikwenda nimejiandaa kulia, nikajikuta sina chozi kwa sababu ya kisanduku. Walikiweka mezani mbele ya jeneza, kati ya picha yake na mshumaa: kisanduku cha mbao kilichopakwa rangi ya buluu, chenye mwanya juu wa kupitisha karatasi na alama ileile pembeni ya siku kilipoanguka kwenye ngazi za sakristia. Miaka yote nilidhani kilishaishia jikoni kuwa kuni. Mtawa kijana aliyesoma wasifu alisema marehemu aliijali mioyo ya watoto kabla watu hawajaanza kusema habari za afya ya akili, na kwamba kisanduku kile ndicho kilichoanzisha yote yanayofanyika leo shuleni pale. Watu wakapiga makofi. Mimi nilishika ukingo wa benchi. Mwanamke aliyekaa safu ya mbele, mwenye gauni la kitenge cha zambarau, aligeuza uso kidogo, nikaona shavu na sikio, nikajua ni Tekla, ingawa mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka kumi. Nina wajukuu sasa, nimezika watu wengi, nimeona mengi. Hata hivyo niliinamisha kichwa asinione.

Mwaka ninaotaka kuusema nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa mwalimu mdogo. Mdogo kwa umri na mdogo kwa cheo, maana sikuwa nimesomea ualimu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri. Nilikuwa nasubiri utawa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, sabuni zimerudi madukani za kila rangi, mitumba imetundikwa kwenye kamba kuanzia stendi mpaka Mwembesongo, na viwanda vyetu vya Morogoro vinafunga mageti kimoja kimoja, wanaume wanarudi nyumbani mchana wakiwa na bakuli zao za chakula. Serikali ilikuwa imeruhusu tena mashirika ya dini kuwa na shule za msingi, basi parokia yetu ikafungua ya kwake, darasa la kwanza hadi la nne, masomo kwa Kiingereza. Wazazi waligombania nafasi. Tulikuwa walimu watano, na mkuu wetu alikuwa Sista Gaudensia, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kucheka kwa shida na kusamehe upesi.

Nilipewa chumba nyuma ya jiko la masista. Kilikuwa stoo. Magunia ya unga yalikuwa yamehamishiwa upande mmoja, kitanda changu upande wa pili, na dirisha lilitazama mlima moja kwa moja, ambao asubuhi nyingi ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Ukuta ulikuwa wa mbao. Nikila uji wangu na magimbi ya kuchemsha nilisikia kila lililosemwa jikoni, na mimi si mtu wa kuziba masikio. Ndivyo nilivyomsikia siku moja mpishi, Sista Polikarpa, akiuliza, "Huyu binti ana wito kweli, au anatafuta pa kulala?" Na Sista Gaudensia akajibu, huku akikoroga chai ya mchaichai, "Tutamjua kwa utii wake." Maneno hayo niliyameza pamoja na gimbi. Tangu siku hiyo nilitii mpaka nikawa kero. Ukinituma kuleta ndoo, nilileta ndoo na kufagia pale ilipokuwa.

Kisanduku kilianzia chumba cha walimu, wiki ya kwanza ya Januari. Mwalimu Kasiani, wa darasa la tatu, aliokota barua kwenye dawati la mtoto mmoja. Mtoto yule alikuwa amemwandikia baba yake aliyefariki kabla ya Krismasi, anamweleza kwamba amepata namba nne na kwamba baiskeli imeuzwa. Kasiani alituletea saa ya chai, akatusomea kwa sauti nyembamba ya kitoto, akiigiza na kwikwi. Tulicheka. Nasema tulicheka kwa sababu nami nilikuwemo, mdomo umejaa andazi. Sista alikuwa mlangoni, hatukumwona alipoingia. Hakugomba. Alichukua ile karatasi mkononi mwa Kasiani, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa kanzu yake, akasema, "Mtoto huyu hana mahali pa kuzungumzia. Na mahali alipopapata, ninyi mmepafanya mchezo." Mwaka wa nyuma alikuwa amehudhuria semina ya masista iliyohusu huzuni za watoto, tukamtania kwamba amerudi na mambo ya Wazungu. Siku ile hakuna aliyetania. Aliagiza kisanduku kwa fundi seremala wa parokia, na Jumatatu iliyofuata kilikuwa mlangoni mwa kikanisa cha shule.

Sheria zake alizieleza mbele ya watoto wote. Kila mwenye jambo linalomuumiza aliandike, kwa Kiswahili akitaka, na hapo tu Kiswahili kiliruhusiwa. Akunje, atumbukize. Hakuna mwalimu atakayesoma. Karatasi zitakaa kanisani, na siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu zitachomwa pamoja na matawi makavu ya mitende ya mwaka uliopita, yale ambayo majivu yake hupakwa watu usoni kuianza Kwaresima. "Mungu atayasoma yote," alisema, "na tutayabeba wote pamoja kwenye vipaji vya nyuso zetu." Lilikuwa wazo zuri, na sitaruhusu mtu aseme vinginevyo, hata sasa. Watoto waliandika. Wengine walianza kulala usingizi, mama zao walitusimulia. Kazi ya kukimimina kisanduku kila Ijumaa kwenye mfuko wa sukari uliowekwa sakristia nilipewa mimi. Sista aliniita ofisini kunikabidhi ufunguo. "Ni kama padre na kitubio," aliniambia. "Hata karatasi ikifunguka yenyewe ukaona, hukuona. Umenielewa, binti?" Nikamwambia nimeelewa. Nilitoka pale nimefura kwa fahari, najiona nusu sista.

Tekla alikuwa darasa la nne, darasa nililokuwa nikisaidia hesabu. Mtoto msafi, mwenye kusinzia. Viatu vyake viling'aa na macho yake yalikuwa mekundu, na mara mbili nilimsimamisha ukutani kwa kulala wakati wa somo. Akasinzia hukohuko ukutani, amesimama. Baba yake alipunguzwa kiwandani, akaenda kutafuta kibarua mashamba ya miwa, hakurudi wala kuandika. Mama yake tulijua anaumwa, basi. Miaka ile kulikuwa na ugonjwa ambao hautajwi, na mtu akishakonda watu waliacha kuuliza. Tulijua "mama Tekla anaumwa" kama tulivyojua kwamba mvua itanyesha, na hakuna aliyekwenda kumwona.

Jumanne ile, siku ya kuchoma, nilikimimina kisanduku mara ya mwisho nyuma ya sakristia, kwenye pipa la bati lililokatwa nusu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Watoto wa darasa la nne walikuwa wakileta matawi makavu, wanayatua mlangoni na kuondoka. Nilimwaga ule mfuko wa sukari, kisha nikapindua kisanduku chenyewe, zikadondoka karatasi tano sita za asubuhi ileile. Moja haikukunjwa vizuri. Iligonga ukingo wa pipa, ikafunguka, ikatua juu ya viatu vyangu ikinitazama. Niliiokota. Niliusoma mstari wa kwanza kabla sijajua kwamba nasoma, halafu nikasoma uliobaki nikijua kabisa. Mwandiko ulikuwa wa Tekla, namba nne zake na saba zake nilizisahihisha kila siku, na herufi zake nazo nilizijua. Iliandikwa hivi: "Mama hanywi tena maji. Tangu juzi. Nikimgeuza analia bila sauti. Mama amenikataza kusema kwa watu lakini hapa si kusema. Naomba mtu aje. Ni nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa kijani. Tekla, darasa la nne."

Nimejaribu mara nyingi kuandika nilichofikiri, na kila mara nashtuka upya, kwa sababu sikufikiri mambo ya kutisha. Nilifikiri mambo ya kawaida kabisa. Nilifikiri kwamba mgonjwa hakosi ndugu. Nilifikiri Mwembesongo, wanakokaa, pamejaa watu, haiwezekani. Nilifikiri watoto hutia chumvi. Nilifikiri kwamba huu ndio utii wenyewe, kwamba umenijia mchungu ili uwe utii kweli, na Mungu ananitazama. Niliikunja ile karatasi tena, mara nne, vizuri kuliko alivyoikunja mwenyewe. Nikaitia pipani. Nikawasha. Matawi ya mitende yakiwa makavu huwaka kwa vurugu, nikarudi nyuma hatua mbili, nikapiga ishara ya msalaba. Mchana ule nilimwona Tekla akitoka darasani mbio, anaruka mitaro, anacheka na wenzake kwa mara ya kwanza tangu Januari. Nikaenda kumwambia Sista kwamba kisanduku kinafanya kazi, Tekla leo amecheka. Sista akafurahi, na mimi nikafurahi kwamba amefurahi.

Jumatano tulipakwa majivu. Paroko alikuja saa tatu, watoto wakapanga mistari, na yale majivu ya pipa langu, yaliyochekechwa kwenye chujio la chai, yakawekwa kwenye kisahani. Nilipakwa. Tekla alipakwa, watu watatu nyuma yangu. Misa ilipokwisha alinifuata uani, karibu na bomba, akasimama mbele yangu mikono nyuma, msalaba mweusi umemkolea usoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Tekla."

"Mwalimu, mtakuja leo?"

Nilijua anauliza nini. Nataka hili lisomeke vizuri, maana ndilo nililolificha miaka yote: nilijua. Nikajifanya mtu asiyejua.

"Tuje wapi, Tekla?"

Alinitazama kwa muda, hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayehakikisha jambo. Kisha akasema, "Basi, mwalimu." Nikamwambia awahi darasani, kengele imeshapigwa. Akaenda. Nilijiambia kesho nitapita kule kama mtu anayepita tu, nitaona mlango wa kijani, nitabisha, hivyo siri haitakuwa imevunjwa. Nilijisifu hata kwa ujanja huo. Mama yake alifariki saa nane mchana wa siku hiyohiyo, wakati sisi darasa la nne tunafanya hesabu za mafungu.

Alhamisi asubuhi aliingia ofisini mwanamke wa Kiislamu, jirani yao, Mama Zuhura, mwenye mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa pale napanga chaki. Hakukaa alipokaribishwa.

"Sista, mtoto wenu Tekla amefiwa jana. Nimekuja kusema, halafu nimekuja kuuliza. Mwenzenu yule alijifungia, hataki kuonwa na mtu, mimi uji nilikuwa namwachia mlangoni. Mtoto ndiye anamwogesha, anamgeuza, anafua, usiku kucha. Miaka kumi huyu. Ninyi mnashinda naye kutwa, hamkuona kitu?"

Sista alisimama taratibu. "Hatukujua, mama."

"Mbona mtoto alisema mnakuja? Juzi Jumanne kafika kwangu anahema, anaazima viti. Viwili. Nikamuuliza vya nini, akasema wageni wanakuja, watu wa shule. Kafagia mpaka barazani, kateka maji kajaza mtungi. Vile viti vimekaa nje Jumanne na Jumatano, kila nikipita naviona. Tumemkuta marehemu amefungwa kilemba cha kitenge, kama mtu anayekwenda kanisani."

Sikumbuki nilifanya nini na chaki. Nakumbuka sakafu ilikuwa nyeupe na Mama Zuhura ananiambia, "Binti, kaa chini utaanguka." Nilichokuwa najiuliza, kwa ujinga wa mtu aliyepigwa na mshtuko, ni kitu kimoja tu: mtoto aliipata wapi hakika ile? Karatasi zilikuwa hazisomwi, aliambiwa hivyo, na wenzake wote waliambiwa. Nikajijibu kwamba aliamini Mungu atatutuma. Jibu hilo lilinitosha kwa miaka zaidi ya thelathini, ingawa liliniumiza.

Jioni Sista aliniita. Kisanduku kilikuwa juu ya meza yake, mfuniko wazi. Alikuwa ametoka msibani na viatu vyake vilikuwa na tope jekundu. "Tekla ameniambia aliandika," alisema. "Aliandika, na sisi tukachoma." Kisha akaniuliza kwa upole, sauti ileile aliyotumia kunikabidhi ufunguo, "Binti, kuna karatasi yoyote uliyoiona?"

"Hapana, Sista."

Alifumba macho. "Basi kosa ni langu peke yangu," alisema. Akaniwekea mkono kichwani kunibariki, nikauacha ukae.

Tekla alichukuliwa na mjomba wake. Mama yake alikuwa Mluguru wa Mgeta, na kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye watoto, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Walipanda naye mlimani pamoja na jeneza, kwenye lori la mboga. Likizo ya Juni nami nilipanda lori hilohilo kwenda kumwona. Kulikuwa na baridi ambayo sikuizoea, makaa yamewashwa ndani ya nyumba, na harufu ya vitunguu kwenye kila nguo. Tekla aliniletea maji ya kunawa akapiga goti, halafu ndizi za kupika na njegere. Alikuwa ameongezeka mwili. Alikuwa na adabu ile ya kutisha ya mtoto anayekuhudumia vizuri na hana neno la kukuambia. Mjomba wake, bwana Mkude, alikaa mkabala nami akimenya njegere kwenye ungo, akizungumza kwa lafudhi ya mlimani, taratibu, kama anayepima.

"Mwalimu, mimi kila Jumanne na Ijumaa niko soko la mjini na kabichi zangu. Dada alinificha ugonjwa, tulikuwa tumekorofishana, yalikuwa mambo ya kijinga. Jumanne ile nilikuwa sokoni mpaka saa tisa. Kutoka pale hadi shuleni kwenu ni mwendo wa muda gani?"

"Kama dakika ishirini, mzee."

"Ishirini." Akamenya nyingine. "Mimi siwaambii kwamba angepona. Nilitaka afie mikononi mwangu tu, na huyu mtoto akalale."

Nilikuwa nimepanda mlima ule nimekusudia kusema. Nilikuwa nimelipanga neno kwa neno ndani ya lori. Nikala njegere zangu, nikashukuru, nikafungiwa karoti za kupelekea masista, nikashuka. Desemba nilimwambia Sista kwamba nimegundua sina wito. Hakunisihi, aliniambia tu nimsaidie kwanza kuandika sheria mpya ya kisanduku, ambayo ilikuwa moja: mtoto akiandika leo, asomwe leo, na kabla jua halijazama mtu awe amekwenda. Niliinakili kwa mwandiko wangu mzuri, nikaibandika ukutani. Nikaondoka mwezi huo kwenda chuo cha ualimu, na darasani kwangu, shule zote nilizofundisha, hakuna mtoto aliyewahi kusimamishwa ukutani kwa kusinzia.

Baada ya maziko walitukaribisha chakula kwenye ukumbi wa shule. Tekla alinifuata na sahani mbili, akaniwekea moja. Shikamoo mwalimu, marahaba. Kumbe alirudi zamani. Ndiye mlezi wa wanafunzi pale, ndiye mwenye ufunguo wa kisanduku. Alinisimulia kwamba Sista, hata alipokuwa hawezi tena kutembea, kila jioni alimuuliza kama karatasi zote zimesomwa, na kwamba siku za mwisho alikuwa akilia na kusema, "Mimi ndiye niliyechoma." Nikaona kwamba nisiposema pale, kati ya masufuria na watu wanaoomba chumvi, sitasema tena.

"Tekla. Ile karatasi yako. Niliiona. Niliisoma yote, ndipo nikaichoma."

Hakuweka kijiko chini. "Najua, mwalimu," alisema.

Nilimtazama. "Sista alijua?"

"Hapana. Nilimwambia kwamba niliandika, nikaishia hapo. Nilidhani utamwambia mwenyewe."

"Wewe ulijuaje?"

"Nilikuwa mlangoni na matawi. Nilikuona unasoma, midomo inacheza." Alinisogezea glasi ya maji, kwa adabu ileile. "Ndiyo maana nilikimbia nyumbani nikafagia. Mama akaniuliza viti viwili vya nini, nikamwambia kimoja cha Sista, kimoja cha mwalimu. Akasema basi nimfunge kilemba. Nikamfunga, tukakaa kuwasubiri."